Shangazi, darasa linataka nisaini barua ya kumwondoa mwalimu wetu wa wodini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Siku hizi muda mwingi tuko wodini kwa mafunzo ya vitendo, na walimu wanaotusimamia ni wawili, wanapokezana. Majina yao siwezi kuyataja, kwa hiyo nitawaita Madamu wa Kwanza na Madamu wa Pili.

Madamu wa Kwanza tunamwogopa wote. Akitokea mlangoni, hata wale wasiojua kunyamaza wananyamaza. Mwezi uliopita alinisimamisha kando ya kitanda, dripu imeshatundikwa, akauliza: lita moja, iishe kwa saa nane, mpira wa matone 20 kwa mililita, je, matone mangapi kwa dakika? Shangazi, hesabu hiyo naijua. Usiku wake nilikuwa nimewaelekeza wenzangu bwenini mpaka wakaielewa. Lakini alivyonitolea macho mbele ya mgonjwa na mume wake, kichwa kilibaki kitupu, sauti ikakataa kutoka. Akasema, "Wewe ndiye utakayetuulia watu." Akapiga hesabu mwenyewe, akasema 42, akarekebisha dripu, akahamia kitanda kinachofuata. Jioni nilirudi kwa yule mama nikampime presha. Akaurudisha mkono wake ndani ya shuka taratibu, akaniambia, "Mwite mwingine, mwanangu."

Tangu siku hiyo, Madamu wa Kwanza akiwa zamu mimi najitafutia kazi zisizo na maswali. Natandika vitanda, napeleka sampuli maabara, nahesabu shuka. Kama kuna kitu sijakielewa namwuliza mwenzangu, naye huwa hakijui pia.

Madamu wa Pili ni mtu wa watu. Anatuita wanangu, anajua nani anaumwa na nani kafiwa. Nilipofiwa ndiye aliyehangaika nipate ruhusa, na hilo sitalisahau. Kile kitabu chetu cha vitendo, ambacho kila ujuzi lazima usainiwe na mwalimu, kwake hakina shida. Mzunguko wa wodi ya upasuaji ulipokwisha alinisainia ukurasa mzima, pamoja na kuweka katheta ya mkojo, yaani mrija wa kutolea mkojo kibofuni, kitu nilichokiona mara moja tu nikiwa nyuma ya wenzangu. Nilipomkumbusha alicheka, akasema nitajifunza nikishaajiriwa, la muhimu kwa sasa nisirudie mwaka.

Sasa darasa limeandika barua kwa mkuu wa chuo. Inasema Madamu wa Kwanza ni mkali kupita kiasi, hafai kufundisha, aondolewe, na wodi zote tubaki na Madamu wa Pili. Karibu wote wameshasaini. Wanaonisubiri wananiambia mimi ndiye niliyedhalilishwa kuliko wote, nikikataa nitakuwa kichekesho.

Kinachonizuia ni hiki. Kila kitu ninachokifanya bila kutetemeka nimekipata kwa Madamu wa Kwanza. Kusoma lebo ya dawa mara tatu: unapoitoa, unapoiandaa, na kabla hujampa mgonjwa. Kuhesabu pumzi dakika nzima badala ya kuandika 20 kwa kila mgonjwa kama wengi wanavyofanya. Siku moja zamu ilikuwa imeshakwisha, akabaki na mimi kando ya mzee aliyekuwa anapumua kwa shida, yeye kashika saa, mimi nahesabu. Nikasema 34. Akasema, "Na mimi 34. Nenda kamwambie sista sasa hivi, usisubiri chati." Shangazi, sijawahi kujisikia muuguzi kama siku ile.

Mwenzetu mmoja anayeipinga barua anasema mchelea mwana kulia hulia yeye, tuache kudeka. Na rafiki yangu, ambaye alilia sana mikononi mwa Madamu wa Kwanza mwaka jana, ameanza kuwasemesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa sauti ile ile na maneno yale yale. Nikimtazama naogopa.

Nisaini au nisisaini?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

*

Marahaba, mwanangu.

Barua hiyo usiisaini kama ilivyo. Nitakueleza kwa nini, na nitakuambia uandike nini badala yake. Lakini umeniandikia mistari mingi kuhusu dripu na mistari miwili tu kuhusu katheta, na mimi nataka kuanza na katheta kwa sababu ndiyo inayoweza kumuumiza mtu wiki hii.

Saini hiyo inasema uko tayari, na wewe unajua hauko. Ukifika wodi nyingine, sista mwenye haraka atafungua kitabu chako, ataona umeshasainiwa, atakutuma. Ujuzi wa kuweka katheta haupatikani kwa kuchungulia mabegani mwa wenzako. Glovu tasa, isiyo na vijidudu, ikishagusa ngozi, mkono huo haurudi tena kwenye mrija. Puto dogo lililo kwenye ncha ya mrija halijazwi maji mpaka mkojo uonekane unatoka, na hata ukionekana mrija unasukumwa bado kidogo, kwa sababu puto likijazwa likiwa ndani ya njia ya mkojo unampasua mtu. Na ukiharibu usafi, huoni kitu siku hiyo. Homa inakuja baadaye, wewe ukiwa umeshahamia wodi nyingine, na hakuna atakayekuambia. Katheta ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya maambukizi ya njia ya mkojo yanayopatikana hospitalini.

Kwa hiyo nenda kwa Madamu wa Pili, mtafute akiwa peke yake, umwambie: "Madamu, naomba ule mstari wa katheta tuufute. Nataka kwanza nifanye kwa mwanasesere wa mazoezi, halafu kwa mgonjwa ukiwa umesimama hapo hapo. Ukiridhika, ndipo unisainie." Usimwambie amekosea. Kama anakupenda kama unavyosema, atashtuka kidogo, halafu atakubali. Akikataa au akicheka tena, ukipangwa kuweka katheta sema wazi kwa msimamizi wa wodi, "Sijawahi kufanya peke yangu, naomba mtu asimame nami." Hakuna sista mwenye akili timamu atakayekulaumu kwa sentensi hiyo.

Nataka ulione jambo hili kabla hujaendelea kusoma. Mwalimu anayekutisha na mwalimu anayekusainia bila kukuona wamekufikisha mahali pamoja: kuna vitu huvijui, na hakuna mwalimu hata mmoja anayejua kwamba huvijui. Kwa wa kwanza unavificha kwa hofu. Kwa wa pili havitafutwi. Darasa lenu linaona tofauti kubwa kati ya wanawake hawa wawili, na kwa upande wa moyo ipo, sibishi. Huruma ya Madamu wa Pili ulipofiwa ilikuwa huruma ya kweli, na mwanafunzi aliyefiwa akatendewa kama mashine hawezi kesho kutwa kumkalia mgonjwa anayekata roho. Lakini huruma yake imeishia kwako. Mgonjwa hakufikiriwa.

Ndiyo maana methali ya huyo mwenzenu naikataa hapa, ingawa ni nzuri mahali pake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, sawa, lakini wodini anayelia si mwalimu wala mwanafunzi. Ni yule mama aliyerudisha mkono ndani ya shuka. Alilipa kwa ukali wa Madamu wa Kwanza, na kuna mwingine atalipa kwa upole wa Madamu wa Pili.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Kuna sababu ya zamani inayofanya wanafunzi wa uuguzi wawafiche walimu wao mambo. Florence Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, wanafunzi walifundishwa wodini na masista, na kila mwezi karatasi ilijazwa juu ya kila mmoja wao, kazi yake na tabia yake. Maana yake ni kwamba aliyekuonyesha namna ya kufunga kidonda ndiye pia aliyesikilizwa ulipoandikwa vizuri au vibaya. Zaidi ya miaka 160 imepita na mpango ni ule ule. Mwalimu wako ana kofia mbili kichwani kwa wakati mmoja, ya kukufundisha na ya kukupima, na wewe hujui saa ngapi kavaa ipi. Swali la matone lilikuwa somo au mtihani? Hukuambiwa, ukachukulia ni mtihani, na mwili wako ukajibu kama wa mtu aliye mahakamani. Ni hofu, mwanangu. Ujinga haukuwepo, maana hesabu hiyo hiyo uliifundisha bwenini.

Patricia Benner, muuguzi na msomi wa Marekani aliyeandika mwaka 1984 juu ya namna wauguzi wanavyokua kikazi, aligawa safari hiyo katika ngazi tano, kuanzia mgeni kabisa hadi bingwa. Mgeni, yaani wewe sasa, hushika kanuni kwa sababu hana kingine cha kushika. Hajaona wagonjwa wa kutosha kujua lipi ni la haraka na lipi linaweza kungoja. Bingwa anaingia chumbani, anamtazama mgonjwa, anajua kuna kitu hakiko sawa kabla hajasoma chati. Katikati ya ngazi hizo kuna mtu anayekuazima macho yake. Siku ya yule mzee Madamu wa Kwanza alifanya hivyo hasa: hakukuhesabia, alihesabu pamoja nawe, na namba zikalingana. Mtu mzima akiwa ametulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, hiyo iko kwenye kila daftari. Kwamba 34 ni jambo la kukimbilia kwa sista badala ya kuliandika na kuondoka, hilo ulilipata kwa mtu. Na aliposema "na mimi 34" alikupa kitu kingine, aliyaamini masikio na macho yako. Nadhani ndicho unachokiita kujisikia muuguzi.

Mwanamke huyo huyo ndiye aliyekuambia utaua watu. Sitaki umtengenezee udhuru. Kuna walimu wa uuguzi wanaoamini kwa dhati kwamba aibu huleta umakini, kwa sababu wao walifundishwa kwa aibu na wakawa makini, au wanajiona hivyo. Hawakumbuki waliokimbia kazi. Kuna mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, ambaye mwaka 1996 alichapisha utafiti juu ya makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitegemea kukuta wodi zenye ushirikiano mzuri zina makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: wodi nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi akaona kwamba kwenye wodi hizo watu walisema kosa likitokea, na kwenye wodi za woga yalikaa kimya. Wewe unayehesabu shuka ili usiulizwe swali umeshahamia kwenye wodi ya woga, na hujaajiriwa bado.

Basi zungumza naye. Najua uliposoma hapo tumbo limekuvuruga. Chagua siku ambayo hakuna aliyegombezwa, umwendee kabla zamu haijaanza, ofisini au chumba cha dawa. Usimwendee koridoni na usiende na kundi. Nenda na ombi moja dogo analoweza kulitimiza siku hiyo hiyo, kwa mfano:

"Shikamoo Madamu. Naomba dakika tano. Siku ile ya dripu hesabu nilikuwa naijua, lakini mbele ya mgonjwa nilishindwa kusema, na baadaye yule mama alikataa nisimpime. Naomba uniulize maswali tukiwa chumba cha dawa, kabla hatujafika kitandani. Nikikosea huko unirekebishe hata kwa ukali. Na ninataka unifundishe zaidi, kwa sababu kuhesabu pumzi nimejifunza kwako."

Sehemu ya mwisho isiwe ya kumpaka mafuta. Iseme kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwalimu mkali mara nyingi hajawahi kuambiwa ni kipi hasa kilichoingia. Ombi lenyewe halimpunguzii heshima: hesabu ya dripu inapaswa kufanywa kabla dripu haijatundikwa, kwa hiyo unamwomba kitu ambacho hata yeye angekufundisha. Lita moja ni mililita 1,000, mara matone 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41 na kitu, unatundika kwa 42. Mwonyeshe kwenye karatasi ukiwa umesimama mbele yake. Mkono ukitetemeka na utetemeke.

Anaweza kukujibu vibaya. Anaweza kusema kizazi chenu kimedekezwa. Ukitoka hapo, andika tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, na umpelekee mratibu wa mafunzo ya vitendo. Ila mambo mengine hayaanzii kwa mazungumzo ya watu wawili hata kidogo: mwalimu anayeomba pesa ili akusainie, anayekugusa au kukutaka, anayekutishia alama. Hayo unakwenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, na unakwenda na mtu. Hujaniambia kuna lolote la namna hiyo, nimelisema kwa sababu wengine wanasoma.

Yule mama, kama bado yupo wodini, mrudie. Usimweleze habari za mwalimu. Jitambulishe kwa jina, mwambie umekuja kumpima presha, umpe nafasi ya kukubali au kukataa, na ukimaliza umwambie presha yake ni ngapi. Wagonjwa hawajui kanuni zetu lakini wanajua haraka nani anayewaona. Kama ameshatoka, fanya hivyo kwa anayelala kitanda chake.

Rafiki yako umemtaja kwa sentensi mbili, nami nimezisoma zaidi ya mara moja. Alifundishwa kwa kilio, sasa anawaliza wa mwaka wa kwanza, na anaamini kabisa anawasaidia. Hajafundishwa dawa tu, amefundishwa pia jinsi mwenye ujuzi anavyomsemesha asiye nao, na somo hilo halina ukurasa kwenye kitabu cha vitendo. Atalipeleka kwa wagonjwa pia, kwa yule anayeuliza mara ya tatu dawa hii ni ya nini. Usimhubirie. Siku mkiwa pamoja na wa mwaka wa kwanza, wewe ndiye uwe wa kwanza kujibu swali lao, ujibu vizuri, naye akisikia. Mkirudi bwenini unaweza kumwuliza anakumbuka alivyojisikia mwaka jana. Wewe mwenyewe hayo maneno hujayatumia. Umeyasikia mdomoni mwa rafiki yako na yakakutisha.

Sasa barua. Ile ya darasa ina kasoro mbili kubwa. Kwanza inalalamikia ukali, na mkuu wa chuo yeyote atasema ukali ndio unaohitajika kwenye kazi ya dawa na damu, atawarudisha darasani mkiwa mmeshindwa. Pili inaomba mbaki na mwalimu asiyewapima, na siku ya mtihani wa vitendo, au siku ya mgonjwa wa kwanza mkiwa peke yenu, mtamkumbuka mnayemfukuza.

Andika rasimu nyingine. Iseme mambo yaliyotendeka: siku fulani, wodi fulani, mwanafunzi aliambiwa maneno haya mbele ya mgonjwa na ndugu yake, na mgonjwa akakataa kuhudumiwa. Kila mwenye tukio lake aliandike hivyo hivyo, bila "siku zote" wala "kila mtu". Halafu iombe mambo matatu. Maswali na marekebisho yafanyike kabla au baada ya kitanda, isipokuwa pale mgonjwa yuko hatarini. Mwalimu aseme mapema leo anafundisha au anapima. Na hakuna ujuzi utakaosainiwa kabla mwalimu hajamwona mwanafunzi akiufanya. Hilo la tatu litawaudhi baadhi yenu, kwa sababu wapo wenye kurasa kama yako. Liache humo humo.

Na usitaje kuondolewa kwa mtu. Kazi hiyo si yenu, na ninyi mnaomba mfundishwe vizuri na wote wawili.

Wenzako wakikuita msaliti, wape rasimu waisome, tukio lako likiwa la kwanza kwenye orodha. Wakikubali, saini ya kwanza iwe yako. Wakikataa, peleka maelezo yako peke yako kwa mratibu, na barua yao waiendeleze bila wewe. Ila la katheta lisisubiri kikao cha darasa.

Shangazi